Hongo ya Mtani

Tabora

Shemeji yangu mpendwa Vedasto,

Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na Recheli, na mpunga wa Bukene ukiwa umepata mvua yake. Mimi sijambo, ila magoti. Uniwie radhi kwa ukimya wangu; mgane hujifunza kupika kwanza, kalamu baadaye.

Katika matanga ya dada yako Agnetha uliniuliza, mbele ya wazee, nitamfanya nini jirani yangu Sylvester, aliyemgonga akirudisha gari kinyumenyume bila kutazama. Sikukujibu. Polisi walikuwa wameshaamua kwamba mtaa wetu hauna njia ya miguu, hivyo kosa ni la marehemu aliyekuwa barabarani. Naye Sylvester, kwa kuwa ni Mgogo, mtani wetu, alisimama makaburini akasema Wanyamwezi wamezoea misafara mno, hata honi hawaisikii. Watu walicheka, maana mtani hakasirikiwi. Nami nilicheka, shemeji. Naona haya hadi leo.

Basi, mtaa wetu sasa ni wa baiskeli na waenda kwa miguu. Niliupigania katika kamati, na padri amenisifu kanisani. Nguzo za chuma zimesimikwa kwenye miingilio yote miwili, gari lisipite. Akina mama wa sokoni hupita katikati bila kugeuka nyuma. Nguzo moja ina kufuli, ifunguliwe kwa ajili ya mgonjwa au jeneza, na ufunguo nimekabidhiwa mimi.

Sylvester huacha gari kule kwenye lami, akaja kwa miguu na gunia begani. Nami kibarazani humwambia mababu zake walitutoza hongo, ule ushuru wa njia, misafara yetu ikipita Ugogo, leo atoe yeye. Mwanzoni alinijibu kwamba Mnyamwezi hajui kutoza, anajua kubeba tu. Tulicheka sana. Baadaye akawa anapita upande wa pili wa njia.

Wiki iliyopita mkewe, Flavia, alianguka jikoni, mdomo ukaenda upande. Sylvester alinijia mbio, pekupeku, akiomba ufunguo. Nilimweleza kwa upole kwamba siuoni, nikainua hata mkeka. Akamfunga mkewe kwa kanga juu ya baiskeli ya muuza mkaa, akaisukuma mtaa mzima hadi kwenye gari, miguu ya mama yule ikiburuzika. Alipopita mbele yangu, hakutania.

Flavia yu hai, ila mkono wa kulia hauinuki, na maneno hayatoki. Nilimpelekea machungwa hospitalini. Sylvester alinishukuru.

Nakuungamia wewe kabla ya padri: ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti langu, nimeufumbata hadi ukapata joto. Jumapili sikukomunika. Kitubio hudai majuto, nami kila nikiyatafuta nasikia kile kicheko cha makaburini. Kwa Flavia, naomba unisamehe, na uniombee. Kwa Sylvester, sasa una jibu lako.

Wasalimie wote nyumbani, na wazee waliokuwapo siku ile uwasomee barua hii, ukiona inafaa.

Ni mimi shemeji yako mwenye kukuheshimu,

Xavery Shigela