Nilivyobishana Hewani

Stockholm

Dada Zainabu,

Shikamoo, na salamu kwa wote waliomo ndani. Mimi ni mzima, ila tumbo bado halijatua.

Madaktari wa hapa wanachunguza kichefuchefu, nami nimejitolea kupimwa ndani ya ndege yao ya utafiti. Ndege hupanda wima kama imekasirika, kisha huinama, na kwa muda mfupi mwili hauna uzito hata kidogo. Kofia yangu iliniacha ikaenda zake darini! Nilifurahi kama mtoto, nikaomba kurudi kesho. Sharti lilikuwa moja tu: anayetapika harudi.

Nesi wetu Nakato, Mganda anayekaa mtaa wa Husby hapa mjini, alinionya mapema: "Mzee, kichwa usitikise kabisa, utatapika. Hata ukisikia upuuzi."

Upuuzi ukaja. Profesa mmoja wa hapa, akielea miguu juu, alisema foleni zetu za sukari zinatokana na uvivu. Dada, ningenyamaza? Nilitikisa kichwa kwa nguvu zangu zote. "Bei ya kahawa yetu mnapanga ninyi, bei ya matrekta mnapanga ninyi, halafu mvivu ni mimi?"

"Mzee, mfuko!" Nakato akapiga kelele.

Nilimaliza hoja kwanza, ndipo nikaupokea mfuko.

Kesho wanaruka bila mimi, na inaniuma kweli. Mungu akupe afya na usingizi mzuri, nimekukumbuka sana. Na uwaambie watu wa nyumbani kwamba profesa hakunijibu neno mpaka tunatua. Nakato anadai hakuweza kwa sababu naye alikuwa ameinamia mfuko wake. Mimi nahesabu nimeshinda.

Mdogo wako,
Salehe