Salamu Maria Kumi Kabla ya Kuzima Gari

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimeandika neno hilo halafu nikanyamaza, kama nilivyokuwa nikisimama mlangoni nikisubiri uitikie kutoka jikoni. "Marahaba, umekula?" Hukuwahi kuitikia salamu yangu bila kuuliza kama nimekula. Nimekula. Kande za jana, nimezipasha. Sasa naweza kuendelea.

Mluzi ameuzwa. Naanza na hilo kwa sababu ninajijua, nikiliacha la mwisho nitalikwepa. Amenunuliwa na kijana wa Songea mwenye miwani ya jua, anayesema gari kama lile halikuumbwa kubeba ndoo za samaki, liliumbwa kukimbia. Nilitamani umsikie. Ungemwambia, "Baba, hata mimi sikuumbwa kubeba ndoo za samaki, na nimezibeba."

Kaka Deo ndiye aliyeamua kuliuza. Usimlaumu. Yeye ni mwanao lakini maisha yake yako Dodoma, na hapa nyumbani hakuna mwingine mwenye leseni. Tangu tulipokuzika, gari lilikuwa limekaa tu chini ya bati, kuku wanalala juu ya lile bawa lake la nyuma. Nililifuta kila Jumamosi. Ndani sikuingia.

Na hapo ndipo barua yenyewe inapoanza, Mama Mkubwa. Shuleni tumefundishwa kuandika barua kwa Kiingereza, na maksi zangu ni nzuri, walimu wanasema natafsiri vizuri kuliko wenzangu. Lakini kuna jibu moja nililokosea kulitoa kwa Kiswahili, mbele ya daktari, na nimeshindwa kulisahihisha kwa lugha yoyote.

Ngoja. Nitafika.

Unakumbuka matuta ya pale karibu na soko? Baba Mkubwa, Mungu amrehemu, alipolileta lile gari kutoka Dar alipostaafu, alisahau kwamba Mbinga ina matuta. Lilikuwa chini kama kobe. Boneti ina tundu kubwa la kunusia upepo, ekzosi kama bomba la mvua, viti vinavyomkumbatia mtu mbavuni, na wewe na ule mwili wako mnene ulikuwa ukisema, "Tangu mzee afariki, hiki ndicho kitu pekee kinachonikumbatia." Watu walikushauri uuze ununue pikapu. Ukasema pikapu haina sauti. Basi kila tukifika kwenye tuta, unanigeukia: "Teremka, mwanangu, umpunguzie Mluzi uzito." Nami nateremka, mbele ya bodaboda wote, natembea kando ya gari kama ninalisindikiza harusini, wewe unalipitisha upandeupande, tairi moja baada ya jingine, na wale vijana wanapiga kelele. "Mama Mluzi! Tushindane mpaka Kigonsera!" Na wewe unatoa mkono dirishani: "Kigonsera mbali, nitakuacha ukose pa kuuliza njia!"

Nilikuwa nakufa kwa aibu. Unajua nilivyo, hata kununua chumvi dukani nilikuwa nasubiri wateja wengine waishe. Na ile harufu ya usipa, dagaa wetu wa ziwani! Kila wiki ndoo zile zinapanda kutoka Mbamba Bay kwenye kiti cha nyuma cha gari la mashindano, na supu inamwagika kwenye kona, na hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Darasani waliniita Usipa. Sikuwahi kukuambia. Siku hizi hawaniiti hivyo tena, wananionea huruma, na sikudhani ningelitamani tena jina lile.

Wewe gari na rozari ulivipata kwa mume mmoja. Sisi wa Lundo, kule ziwani, ni Waanglikana, wewe ukaolewa kwa Wamatengo, ukawa Mkatoliki, na ukawa Mkatoliki kuwashinda wenyeji. Mama aliponileta kwako nisome, nilikuwa sijui hata kushika zile shanga. Nilizijua kwa sababu ya gari.

Ilikuwa wakati ule turbo, ile feni ya injini inayompa Mluzi sauti yake, ilipokufa. Fundi alisema unaliua mwenyewe, unapanda mlima kwa nguvu halafu ukifika unazima hapo hapo, chuma kikiwa bado chekundu. Hukumwamini. Ukaniita nisome kile kibandiko cha Kiingereza kilichobandikwa na mwenye gari wa kwanza kwenye kile kikinga jua cha juu ya kioo. Ndiyo kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya kwa Kiingereza changu. Nikakusomea: baada ya safari ndefu, liache lingurume kidogo kabla ya kuzima. Ukaniuliza, "Kidogo ndiyo kiasi gani?" Nikasema dakika kama mbili tatu. Ukacheka. "Dakika za nani? Nitampa Salamu Maria kumi. Zikimtosha Mama wa Mungu, zitamtosha na Mluzi."

Kuanzia hapo ndiyo ikawa sheria. Tukifika popote, sokoni, kanisani, nyumbani, unakaa ndani, unainamisha kichwa, midomo inacheza, injini inanguruma. Watu walidhani ni uchaji. Mama Fausta wa jirani aliwahi kuniambia, "Mama yako mkubwa ni mtakatifu, hashuki kwenye gari bila kumshukuru Mungu." Nilipokuambia ulicheka mpaka ukapaliwa. "Usimwambie kuhusu turbo," ukasema. "Muache ajifunze kusali."

Na mimi ulinionya jambo moja tu: nisikukatize. Nikikukatiza unapoteza hesabu, unaanza upya, na petroli inaungua bure.

Sikukukatiza, Mama Mkubwa.

Siku ile tulipanda kutoka Mbamba Bay ndoo zikiwa zimejaa. Njiani ulisema kichwa kinakubana kama kimefungwa kamba. Nikasema tusimame. Ukasema ni jua tu, na taa ya mafuta imeshawaka, tukisimama tutalala njiani. Kwenye kona za mwisho hukuchezea gia kama kawaida yako, na Mluzi hakupiga mluzi wake. Hilo niliona. Niliona nikanyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyo, naona halafu nanyamaza.

Tulipofika ukainamisha kichwa. Nikashusha ndoo. Nikaenda uani kutandaza usipa kwenye wavu kabla jua halijaondoka. Nasikia injini, najua unasali. Halafu nikasikia honi, fupi, pi, moja tu. Nikafikiri unamsalimia Mama Fausta. Labda nilifikiri hivyo. Siku hizi sijui tena ni nini nilichofikiri na ni nini nilichojipangia baadaye.

Nilimaliza usipa wote. Nikanawa. Nikaja mbele, wewe bado umeinama, paji la uso kwenye usukani, rozari imening'inia kwenye gia. Nami nikasimama kando ya mlango nikasubiri umalize. Mama Mkubwa, nilisimama pale. Kioo kilikuwa kati yetu. Nikawa nahesabu na mimi, Salamu Maria zangu za Kianglikana zisizo na cheti, zikafika kumi, nikadhani leo una nia maalumu, nikaanza kumi nyingine.

Kilichoniambia si wewe. Ni gari. Lilikohoa mara mbili, likatetemeka, likazimika lenyewe, mafuta yamekwisha. Na wewe hukuinua kichwa kulitukana.

Ndipo nilipofungua mlango.

Ulifika hospitalini ukiwa bado unapumua. Daktari alikuwa kijana, mpole. Aliniuliza, "Hali hii imeanza saa ngapi?" Nikamwambia, "Sasa hivi." Maneno mawili. Nilijua si sasa hivi. Nilijua kuhusu honi, na usipa wote ule niliotandaza mmoja mmoja kama mtu asiye na haraka duniani. Lakini Mama Fausta alikuwa amesimama nyuma yangu, na nesi, na nikaona kwamba wakijua wataniuliza: na wewe ulikuwa wapi? Sasa hivi. Sijui kama jibu la kweli lingebadilisha kitu. Sikumuuliza, maana kuuliza ni kusema. Ulifariki kabla Kaka Deo hajapata basi.

Msibani kila mtu alisema amekufa akisali. Katekista alilisema kaburini, watu wakaitikia kwa kichwa, wengine wakasema laiti na sisi tujaliwe kifo kama hicho. Kaka Deo aliniomba nimsimulie, nikamsimulia ulivyoinama, na rozari. Akalia vizuri, kilio cha mtu aliyepata pa kuegemea. Nikamwachia hapo. Ningewezaje?

Alirudi wiki mbili zilizopita kumalizana na yule mnunuzi. Kabla ya kumkabidhi gari akasema, "Mdogo wangu, twende tukamwoneshe Mluzi ziwa kwa mara ya mwisho." Nikapanda. Kiti changu kilikuwa bado kimesogezwa mbele kwa ajili ya ndoo. Tulishuka kona zote zile, kahawa juu, halafu miti, halafu joto linakupiga usoni na ziwa linatokea lote kwa mkupuo, na Mluzi akipiga mluzi kila Kaka akikanyaga mafuta. Alikuwa anacheka kama mtoto. Akina mama wa usipa walisikia sauti kabla hatujafika. Walikuwa wamesimama, wameweka mikono kichwani, na mmoja alikuwa ameanza kukimbia kuja kwetu. Alipoona anayeendesha ni mwanamume akapunguza mwendo. Sitaisahau hatua ile aliyopunguza.

Kaka akapeleka mkono kwenye ufunguo. Nikamshika mkono.

"Bado."

"Bado nini?"

"Salamu Maria kumi. Ni kwa ajili ya turbo." Akacheka, akadhani natania, halafu akaniona usoni. Nikamwambia. Yote. Kibandiko, nani alikitafsiri, usipa, honi, mlango, daktari. Niliongea nikitazama dashibodi, na injini ikinguruma chini ya maneno yangu, na nadhani bila mngurumo ule nisingeweza.

Akauliza swali moja. "Honi uliisikia?"

"Niliisikia."

Akashuka. Akaenda mpaka kwenye maji, na viatu vyake vya ofisini, akasimama pale amenipa mgongo. Yule mama aliyekimbia akaja dirishani akanishika shavu. Kaka aliporudi soksi zilikuwa zimelowa. Akasema, "Nina hasira na wewe. Nisikudanganye, nina hasira. Lakini hukutakiwa kuibeba peke yako, wewe ni mtoto." Akaweka gia. "Funga mkanda, twende nyumbani."

Tulipofika hakuzima. Akainamisha kichwa, akaanza kwa sauti, akafika katikati ya sala akakwama. Kaka Deo wako, aliyetumikia misa miaka yote ile, amesahau. Mimi nikamkumbusha. Tukaenda hivyo, yeye anaanza, mimi namalizia, mpaka kumi. Ndipo akazima, na kimya kilichofuata hakikuniogopesha kama kile cha kwanza.

Hajaniambia amenisamehe. Jana amenitumia ujumbe kutoka Dodoma: "Umekula?" Nimeusoma mara nyingi.

Kijana wa Songea alipokuja kuchukua gari, alizunguka mara moja, akanusa, akasema, "Dada, humu ndani mmefuga nini?" Nami, Mama Mkubwa, mimi huyu wa kusubiri duka liishe watu, nilimsogelea nikamwambia asilizime hapo hapo akifika, aliache lingurume kidogo. Akasema, "Dada, mimi magari nayajua." Nikamwambia, "Najua unayajua. Liache kidogo. Na ukiwa na mtu, msubiriane." Akanitazama kama ninaumwa. Halafu akaondoka, na kwenye lile tuta la sokoni nikasikia bampa likikwaruza, kwa sababu hakuna aliyeteremka kumpunguzia uzito. Baadaye mluzi, mbali, njia ya Kigonsera. Bodaboda wote walikaa kimya.

Rozari yako ninayo. Kaka amenipa, akasema nisibadili dini kwa ajili yake, niishike tu.

Lala sasa, Mama Mkubwa. Nilikusubiri vibaya siku ile, kwa adabu, nje ya kioo, na jambo hilo halitafutika hata nikiliandika kwa lugha mbili. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Nikimwona mtu ameinama kimya, awe anasali, awe analala, awe ananikasirikia, nitagonga. Nitamkatiza. Akinikaripia kwamba nimempotezea hesabu nitamwambia shikamoo, anza upya, mimi nipo hapa.

Mwanao,
Usipa