Kope Zangu Kwenye Hadubini

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Doha hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama, na mtoto namwogesha mimi.

Umeniuliza kama nami nilipata kuviona vile vijidudu vya tone la maji, alivyovigundua yule Mholanzi muuza vitambaa miaka mia tatu na ushee iliyopita. Shuleni kwetu Tanga hadubini ilikuwa moja. Zamu yangu ilipofika, niliona kope zangu tu.

“Umeviona?” mwalimu akauliza.

Wenzangu wote walishasema ndiyo. Nikajibu, “Nimeviona, mwalimu, vinacheza.” Akafurahi, akamwita mwingine.

Laiti ningesema kweli, angenirekebishia palepale. Sasa macho yana mtoto wa jicho. Wewe ukiona kope, mama, sema kope.

Bibi yako, ambaye hajaviona hata leo.