Sombe Yangu Naiponda Mwenyewe

Yaya Cadette,

Barua yako ilifika. Huku Nchelenge tuko, mihogo imekomaa.

Unauliza kama mutu anaweza kuishi bila samaki, nyama wala mayai. Anaweza. Anfirmie, muuguzi wa huku, alinionyesha: ugali wa bukari na maharagi, sombe ya majani ya mihogo na karanga, matembele, soya, na vidonge vya vitamini, juu majani peke yake hayatoshi. Shida yangu ni mama mukwe. Anasaga chisense, tule tusamaki tukavu, mpaka tunakuwa unga, anatia ndani ya sombe. Juzi alikubali kwamba ananilisha hivyo tangu matanga. "Nilitaka upate nguvu," alisema. Nilitapika hapo hapo, akaniita mutu wa kiburi.

Yaya, ziwa lilikaa na mume wangu siku sita. Kule Mununga, alikookotwa, ni mimi niliitwa kumutambua Ruffin, na niliona mahali samaki walimukula; tangu siku ile hata nyama na mayai siwezi. Mama yake aliona sanduku tu, limekwisha kupigwa misumari.

Sasa sombe yangu naiponda mwenyewe. Yeye anakula samaki yake mbele yangu, analamba vidole. Nikimwambia nilichoona, hatakula tena. Basi acha niitwe mutu wa kiburi.

Mudogo wako,
Pierrette