Maji nyeupe ya farmasi

Omer, uko? Niko Beni na ndugu yetu Josaphat, fundi wa maji. Nguvu zimeniisha.

Jana alitengeneza tiyo, bomba ya maji, yenye kuvuja ku farmasi ya maternité, kule bamama banazalia. Ile matiyo inapitisha maji ya baridi mu ukuta, juu dawa isichomwe na joto. Unajua Beni, iko joto, haiko Butembo yetu ya baridi na makoti.

Anafungua, maji inatoka nyeupe kama maziwa. Nyeupe, Omer! Akasema: «Hii imeoza.» Akamwanga yote mu mutaro, akajaza maji safi ya chemchem. Furaha tele.

Leo saa sita, chumba ilikuwa kama tanuru. Ingénieur Précieuse, mwenye kuweka ile matiyo, akakuja mbio. «Papa Josaphat, maji nyeupe iko wapi?»

«Nilimwanga. Ilikuwa chafu.»

Akashika kichwa. «Chafu? Mule muko matone madogo ya nta, kama ya mushumaa! Inayeyuka, inameza joto. Maji tupu haiwezi kumeza vile. Na karatasi ku pompi, hukusoma?»

Wewe na mimi tu tunajua: Josaphat hajue kusoma.

Sista Simone wa farmasi anatenga dawa ya kusimamisha damu ya bamama, hajue kama ingali nzuri. Na mama mumoja iko mu uchungu sasa hivi.

Jana nilikuwa naye, na ile karatasi niliiona. «NE PAS VIDER», ni kusema musimwange. Nilinyamaza, nisimupatishe haya mbele ya batu.

Sasa ananiuliza pole pole: «Ndugu, iliandikwa nini?»

Nimujibu nini, Omer?