Nabii Aliyemtaja Mama Mkwe

Liuli, Jumatano

Eti nabii! Leo amekaa sebuleni kwangu, akafumba macho, akatangaza kwamba mimba zangu mbili ziliharibika kwa uchawi wa mama mkwe. "Mfukuze, utazaa."

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Mama mkwe hunisema kila siku, na mtoto namtaka mno.

Lakini ni yeye aliyelala sakafuni hospitalini mara zote mbili, akiniombea. Yesu hawezi kunituma nimtupe.

"Mtumishi, huyo aliyekutuma simjui. Toka."

Akatoka akinilaani, mwongo yule, na shati lake la kung'aa.

Mama aliporudi kutoka shambani, majirani walikuwa wamemwambia nimemfukuza mgeni; akauliza alitaka nini. Nikasema chakula.

"Ukamfukuza na njaa? Huna adabu!"

Amenisema mpaka sasa. Nimemwacha aseme.