Maji Yasiyo na Ladha

Jumapili, 15 Desemba

Binti yangu Kayal amepiga simu saa nne asubuhi, kama kila Jumapili. Dakika tatu, zote za tangi lake la samaki wa baharini. Chumvi ngapi, Baba? Joto? Konokono umewahesabu? Nikajibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni — mimi, mwenye miaka ishirini na sita ya kuwaita watoto ubaoni! Halafu: maji ya kujazia tangi ni ya mashine? Ya mashine, nikasema. Kama ulivyoandika.

Uongo. Ijumaa umeme ulikatika mchana kutwa, mashine ya kuchuja haikutoa hata tone, na maji kwenye tangi yalikuwa yameshuka vidole viwili. Nikatia ndoo ya bomba. Moja tu. Nikajiambia maji ya bomba ya Chennai ndiyo yaliyonikuza mimi na tumbo langu lote hili.

Karatasi yake ipo ukutani juu ya tangi. Sheria kumi na moja, wino mwekundu. Ya kwanza: MAJI YA MASHINE TU. BABA, SI YA BOMBA. Jina langu limetajwa humo mara nne. Ni barua ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia.

Jumatano, 18 Desemba

Konokono wawili wamekufa. Wamelala chali mchangani, milango ya magamba yao wazi.

Ndoo yangu ile! Lakini ndoo moja katika lita mia na hamsini?

Mama alikuja na fimbo yake, akainama mbele ya kioo. "Wamechoka," akasema. "Hata mimi ningechoka kuzunguka chumba kimoja." Nikamwambia na wewe unazunguka chumba kimoja, Mama. Akasema ndiyo, ila mimi sinyweshwi maji ya mashine.

Hapo akaanza. Maji ya mashine hayana ladha, hayana uhai, ni kama kulamba sahani iliyooshwa. Yeye hunywa ya mtungi wake wa shaba tu, ule aliotoka nao Kumbakonam siku alipoolewa. Maji yalale humo usiku kucha ndipo yawe maji. Ana miaka sabini na tisa na magoti yake ni mazuri kuliko yangu, kwa hiyo sibishani.

Jumapili, 22 Desemba

Nimemwambia Kayal kuhusu konokono. Halafu: ulitia maji gani? Ya mashine. Una uhakika, Baba? Nina uhakika.

Uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Niandike, maana hapa hakuna anayesoma. Miaka mitatu iliyopita alipata nafasi chuo cha uvuvi, Thoothukudi. Sayansi ya bahari. Fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Mama yake alishafariki, mzazi nilikuwa mimi. Nikakataa. Nikasema uhandisi kwanza, bahari haiendi popote. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyesema hivyo! Jina lenyewe, Kayalvizhi, mwenye macho ya samaki, nilimpa mimi, halafu nikashangaa mtoto anapenda samaki.

Akaenda Coimbatore kusomea mashine. Tangi akaniachia. Tangu hapo tunazungumza habari za tangi. Tangi likifa, sijui Jumapili saa nne nitakuwa nikifanya nini.

Alhamisi, 26 Desemba

Kamba mwekundu amekufa. Yule mwenye mstari mweupe mgongoni, aliyekuwa akinisafisha kucha nikitia mkono. Mtu pekee nyumbani humu aliyeniona nina kitu cha kumfaa.

Matumbawe yamefumba. Yale ya zambarau yaliyokuwa yakipunga kama vidole sasa yamenywea kama soksi. Nimekwenda kwa sheria ya saba: nimechanganya chumvi kwenye maji ya dumu, lile la jikoni ninalohifadhia maji ya mashine, nikabadili robo ya maji yote. Kalamu ya kupimia madini ya maji inasema maji ya dumu ni safi. Nane. Ya bomba ni mia sita na arobaini.

Nikatia masafi, jioni yakafumba zaidi.

Jumapili, 29 Desemba

Nimeongopa tena. Nimesema yanaendelea vizuri. Anakuja tarehe kumi na tatu, kwa ajili ya sikukuu ya Pongal. Atakaa siku nne. Hajaja tangu Julai.

Ijumaa, 3 Januari

Kolathur, kwenye duka la samaki wa mapambo la Anbarasu. Nilibeba chupa nne mkobani kama mgonjwa anayepeleka mkojo hospitali: ya bomba, ya mashine, ya dumu, ya tangi. Nikakiri kwake kosa la ndoo. Akacheka.

"Mwalimu, ndoo moja? Ingekupa mwani wa kijani kwenye kioo, basi. Hata mimi nimewahi." Akadondosha dawa yake kwenye vichupa. Ya bomba: kitu kidogo, si cha kuua. Ya mashine: hakuna. Ya tangi ikageuka rangi. Ya dumu ikageuka zaidi.

"Shaba," akasema. "Umeweka sarafu humo? Umetupa funguo?"

Nikasema sina akili nyingi lakini funguo situpi kwenye tangi.

Akanieleza. Samaki wanaivumilia shaba, lakini konokono, kamba na matumbawe ni sumu kwao hata kidogo tu. Na maji yaliyochujwa sana yana njaa, mwalimu. Yameondolewa kila kitu, kwa hiyo yakigusa shaba yanailamba. Ya bomba yameshiba, hayalambi sana.

Akanipa mfuko wa kunyonya shaba niutumbukize kwenye tangi. Njiani nilijiuliza dumu la plastiki limekutana wapi na shaba. Nafundisha watoto mito inavyotoka milimani mpaka baharini, na sijui maji yanatokaje jikoni mpaka sebuleni.

Jumamosi, 4 Januari

Saa kumi na nusu alfajiri. Nilikuwa nimekaa jikoni gizani. Mama akaingia, ameshaoga, ameshavaa maua kichwani, kabla ya kwenda kuchora nakshi zake za unga wa mchele mlangoni. Akauinamisha mtungi wake wa shaba juu ya dumu langu. Polepole, asimwage. Ulikuwa umejaa tangu jioni.

Mama, unafanya nini?

"Toba, umenishtua! Nafanya nini? Narudisha maji. Kila jioni nayatoa humu nayalaza kwenye mtungi, asubuhi nayarudisha."

Tangu lini?

Tangu sikukuu ya Deepavali, alipousugua mtungi. Alisikia Kayal akisema kwenye simu samaki wale wanategemea maji tu. "Mtoto yuko mbali, anahangaika na vitu vyake. Nikasema haya, nami nifanye changu. Baba yako alikunywa ya mtungi huu miaka arobaini." Akanitazama. "Mbona uso umekuwa hivyo? Nimekosea?"

Hapana, Mama.

Akafurahi. Akaenda kuchora.

Jumapili, 5 Januari

Saa nne. Nilikuwa nimeandaa sentensi mbili, moja ya kweli. Mama alikuwa kwenye kiti chake hatua mbili kutoka kwangu, akimenya vitunguu, akisubiri zamu yake ya kumsalimu mjukuu.

Nikasema: Kayal, kamba amekufa, konokono watano, na matumbawe matatu. Nilitia maji ya bomba. Nilikudanganya.

Nikaangalia kama simu imekatika.

"Nilijua," akasema. "Karatasi iko ukutani, Baba. Kubwa. Nyekundu. Lakini wewe siku zote unajua zaidi ya kilichoandikwa." Halafu: "Mpe Bibi simu."

Wakacheka pamoja, Mama na yeye, dakika kumi nzima. Nikamalizia vitunguu mimi. Vilinifaa, macho yalikuwa na sababu.

Jumatano, 8 Januari

Dumu nimeliweka tangu Jumamosi kwenye kabati la nguo chumbani kwangu, na ufunguo mfukoni. Mama kaniuliza mara mbili. "Nakuona unaficha maji kama mlevi anavyoficha chupa." Nikamwambia daktari wa samaki kasema yasiguswe. "Samaki wana daktari, na mimi magoti yangu hayana!" Juzi alisema magoti hayamsumbui.

Ningemwambia nini? Kwamba kila alfajiri ameamka kuwaua?

Jumamosi, 11 Januari

Sielewi. Dumu limefungiwa siku saba. Mfuko wa Anbarasu umo kwenye tangi. Maji yote ya kujazia nayatia kwa mkono wangu. Na jana konokono wa mwisho, leo tumbawe la nne. Limebaki moja la kijani, dogo kama kifungo cha shati, limefunguka nusu.

Nimeanza kuwaza labda ni mimi kweli.

Jumatatu, 13 Januari

Bhogi, mkesha wa Pongal. Mtaa mzima moshi, watu wanachoma mikeka na mafagio yao ya zamani. Mama hakutoa kitu cha kuchoma. Alikaa mlango wa nyuma akiusugua mtungi kwa ukwaju mpaka ukawaka kama jua, mjukuu anakuja.

Kayal kafika saa tatu kwa treni. Amekuwa mrefu, au mimi nimepungua. Akamkumbatia Bibi yake, akanigeukia, akasema, "Umekonda, Baba."

Ni sentensi ya kwanza tangu Julai isiyokuwa na tangi ndani yake.

Halafu akaenda kwenye kioo. Alisimama muda mrefu, mkoba bado begani. Akakigusa kioo kwa kidole, usawa wa kile kifungo cha kijani.

"Ulitia ndoo ngapi?"

Moja.

"Ndoo moja haifanyi hivi, Baba." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepiga hesabu. "Kitu gani kingine?"

Nikasema ngoja nikuletee taulo, umetoka safari.

Niko chumbani, nimekaa kitandani, taulo liko magotini, nimeweka daftari juu yake. Mlango haukufungika vizuri. Mama anaongea.

"Kunywa kwanza, mjukuu wangu. Ya mtungi, yamelala tangu jana. Hata hao watoto wako wa kwenye kioo nawapa. Baba yako alinificha dumu, sijui kapatwa na nini, lakini sikuwaacha. Kila alfajiri kikombe hiki hiki, nawamiminia mwenyewe. Kunywa."

Kupitia mwanya namwona Kayal akikipokea kikombe.

Kikombe ni cha shaba. Kikiwekwa mezani hulia, husikika mpaka huku. Bado hakijalia. Na taulo ninalo mimi.